Koti Lisilotetemeka

Jirani wa Siwema, Bi Nunu, anaapa, na akiapa hushika ncha ya khanga yake kama ameshika msahafu, kwamba huko nchi ya Wastani karani mmoja alikufa mezani kwake siku ya Jumatatu, na hadi Alhamisi hakuna aliyejua. Si kwamba hawakumgusa. Walimpa mkono kila asubuhi kama desturi ya kazini, wakaukuta wa baridi, na kwa kuwa mikono yao nayo ilikuwa ya baridi, wakaketi wakaendelea. Alhamisi ndipo mtu alipomwomba kalamu, akaona leo jamaa ana kiburi. Bi Nunu anasema aliyemsimulia alikuwepo. Ukimuuliza ni nani, anakumbuka kwamba ana sufuria motoni.

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele barazani walicheka. Mmoja alisema huyo marehemu afadhali, maana anawajua makarani walio hai ambao kwa siku tatu hufanya kazi ndogo kuliko hiyo. Siwema hakucheka. Dada yake Chausiku alikuwa karani huko Wastani, mwaka wa nne sasa, na barua yake ya mwisho ilikuwa na mistari miwili tu: kwamba yu mzima, na kwamba wasimtumie kitu ila soksi nzito. Herufi zake, zilizokuwa nzuri kuliko za mwalimu wao, zilikuwa zimeyumba kama zilizoandikwa juu ya punda anayekwenda.

Siwema alikuwa na elimu ya darasa la saba na banda la vifaranga. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Anayefuga vifaranga huzoea kukaa kimya na kuangalia, kwa sababu kifaranga hasemi pale panapouma. Alimwachia Bi Nunu banda, akatia soksi mfukoni, akaenda. Njia haina hadithi. Hadithi ni kufika.

Wastani ni nchi ya jua kali. Siku aliyoingia, mbwa walikuwa wamejilaza ndani ya mitaro mikavu, ndimi nje. Katikati ya nchi limesimama Jumba, ghorofa kumi na mbili za vioo visivyofunguka, na kila mtu wa nchi ile ama anafanya kazi mle ndani ama anaishi kwa ajili ya wanaofanya kazi mle ndani. Kitu cha kwanza alichokitazama Siwema ni vile vioo. Vilikuwa vikitiririka maji kwa nje, kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Chini yake wanawake walikuwa wamejipanga na mabeseni, kila mmoja na kitambaa chake. Anafuta kioo, anakamua, anafuta tena. Aliwauliza kwa nini wasiende mtoni. Mama mmoja alimjibu bila kugeuka kwamba mto wanao, umo ndani ya Jumba. Maana yake aliipata baadaye: mto ulizibwa huko juu ili uuzungushe Mtambo wa baridi, na bondeni kukabaki mchanga.

Alipita zahanati kuomba maji ya kunywa, akamkuta mkunga akimwaga dawa za chanjo zilizoharibiwa na joto, kwa kuwa umeme wote ulikuwa umevutwa na Jumba. Mkunga alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulizoea jambo, kwamba katika nchi hii dawa zinazotaka baridi zinaungua na watu wanaotaka joto wanaganda, na aliyepanga hivyo ana cheti ukutani.

Mlangoni pa Jumba walimpima Siwema urefu, uzito na joto la kwapa. Ndivyo ilivyo sheria. Karani mpya akishapimwa, mwili wake huingizwa katika hesabu ya miili yote, na tangu hapo hula humo na kulala humo, wala hatoki bila ruhusa, kwani mwili mmoja ukitoka, wastani wa nchi unapinda. Mgeni huhesabiwa nusu mtu, kwa hiyo anaruhusiwa kuingia na kutoka. Nusu haipindi kitu.

Ndani, watu walisalimiana kwa salamu ya nchi. Mmoja anauliza, "Uko wastani?" Mwenzake anajibu, "Niko wastani," meno yakigongana.

Chausiku alikuwa ghorofa ya tatu, meza ya dirishani. Alikuwa amevaa khanga mbili chini ya gauni na gazeti kifuani, na alipogeuka lilitoa sauti ya majani makavu. Kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau. Siwema alimshika mikono yote miwili akasema baridi hii itamuua. Dada yake akatazama huku na huku kabla ya kujibu.

"Usilitamke hilo neno, mdogo wangu. Hapa hakuna baridi. Hapa kuna wastani."

Kisha akakohoa. Juu ya kila meza kulikuwa na tundu la bomba ambalo wenyeji huliita kinywa, na humo baridi ilishuka usiku na mchana. Mabomba yale yalipitisha sauti kutoka ghorofa hadi ghorofa, hata makarani wasiopata kuonana maishani walijuana kwa vikohozi. Cha Chausiku kilikuwa viwili vifupi na kimoja kirefu, kama mtu anayebisha hodi kisha akauegemea mlango. Alisema watu wa ghorofa ya kumi humwita Hodi, na kwamba siku moja mmoja wao alimwitikia karibu.

Meza ya pili aliketi mtu mnene aitwaye Mabonde, aliyekuwa seremala kabla ya kuwa karani. Huyu vifungo vya shati lake vilikuwa wazi hadi kitovuni na alijipepea kwa jalada la faili. Alimkaribisha Siwema kwa kumwita shemeji, akamwambia pole kwa kuja kuwatembelea jikoni. Kama angejua wanaokwa namna hii, angekuja na iliki. Akasema amemwomba sana Chausiku amgawie baridi yake, naye amgawie mafuta yake, lakini sheria haina fomu ya jambo hilo.

Siwema alikaa siku nne pembeni ya meza ya dada yake, akiangalia. Aliona kwamba wanawake wa jikoni hupasha matofali na kuwauzia makarani kwa siri, kila mmoja lake chini ya miguu. Aliona pia kwamba matofali yakishakuwa mengi, hewa ya ukumbi hupata uvuguvugu kidogo, na Mtambo, ambao una pua ya kunusa joto, hunguruma na kupuliza zaidi. Basi watu huongeza matofali, na Mtambo huongeza pumzi. Mto mzima unapigana na matofali, na kuni za nchi zinapigana na mto, na mtu yuko katikati anaandika barua. Aliona jambo la tatu: ghorofa ya kumi na ya kumi na moja zilikuwa na watu wachache kona moja tu, kwingine meza tupu, na vinywa vyote vilipuliza sawasawa juu ya viti visivyo na mtu.

Aliuliza baridi hii imepimwa kwa mwili wa nani. Mabonde akainua kidole akaelekeza juu kabisa.

Ghorofa ya kumi na mbili hakai mtu. Linakaa Koti. Mwasisi wa nchi, aliyekufa miaka arobaini iliyopita, alikuwa amepewa koti zito la heshima na wageni fulani, akaona haya kulivua, na akaamuru Jumba lipozwe mpaka koti livalike. Alipokufa walimzika na shati lake. Koti wakaliacha kitini, kwa kuwa amri haikufa. Kila asubuhi ofisa aitwaye Mshika Koti hutia mkono kwapani mwa koti na kutangaza hali. Likiwa kavu, baridi hubaki ilivyo. Likiwa na unyevu, maana yake limetoka jasho, na baridi huongezwa. Mwaka wa masika makubwa koti lilikuwa na unyevu siku sitini mfululizo; mwaka huo ndio uliojaza makaburi ya upande wa kaskazini. Kupunguza, hawajapata kupunguza hata mara moja. Koti huweza kutoka jasho, lakini halitetemeki.

Mshika Koti wa siku hizo aliitwa Bwana Shibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, na chini ya suti yake Siwema alihesabu kola tatu za fulana. Alipomwendea kuomba dada yake afunge kinywa kimoja tu, cha juu ya meza yake, Bwana Shibu alimpa kiti na kumweleza kwa upole kama anayemweleza mtoto. Karani wa dirishani anaganda, alisema, na jirani yake anaungua. Ukiwachanganya wawili hao ukagawa kwa mbili, unapata watu wawili walio sawa kabisa. Ukimhurumia mmoja unaiharibu hesabu ya wote. Siwema akauliza kama yeye Bwana Shibu yuko sawa. Akajibu kwamba yuko wastani, akaingiza mikono kwapani.

Hata hivyo ombi lilifika Baraza la Kipimo, na si kwa huruma. Mwaka huo mvua ilikuwa haba, bwawa limeshuka, Mtambo umeanza kukohoa kama makarani, na wajumbe walikuwa na hofu kwamba koti litaungua.

Kikao kilikwenda siku mbili. Mjumbe mmoja alisema leo mtu akitawala baridi ya meza yake, kesho atataka kutawala mawazo ya meza yake. Mwingine alisema kwamba kinywa kufungwa mbele ya dirisha ni aibu kwa nchi, wageni watadhani kimeharibika. Wa tatu aliuliza kama wanawake wana ngozi ya namna nyingine, akaambiwa hakuna kumbukumbu, kwa kuwa siku ya kupima lilipimwa koti peke yake. Wa nne alilala, na kura yake ikahesabiwa kuwa ya katikati. Ndipo wakamruhusu mgeni aseme, kwa nusu ya muda wa mtu.

"Mimi nafuga vifaranga," alisema Siwema. "Naweka chungu cha makaa kona moja ya banda. Mwenye baridi anasogea, mwenye joto anajitenga. Sijawahi kuwapangia. Na makaa yenyewe ni kiganja tu. Ningetaka kupasha ua mzima, ningemaliza msitu na vifaranga wangekufa vilevile."

Mjumbe wa kwanza akauliza, "Na kifaranga wa wastani, yeye hukaa wapi?"

Siwema akafikiri kwa haki, akajibu kwamba huyo hajapata kumwona. Walicheka sana. Karani wa kikao akaandika: mgeni hana takwimu. Lakini bwawa lilikuwa limeshuka, na siku ya pili jioni walitoa ruhusa ya majaribio, ghorofa ya tatu peke yake, siku saba.

Mabonde akapasua makasha ya mbao ya kuwekea karatasi, akatengeneza vifuniko, kila kinywa chake, na kila kifuniko kamba inayoning'inia mezani. Uvute, ufunge, uachie, ufungue. Matofali wakayaweka wazi, atakaye achukue, asiyetaka aache. Siku ya kwanza watu walizitazama zile kamba kama nyoka. Karani mmoja mzee alivuta yake kidogo, akaachia, akatazama mlangoni, akavuta tena. Mchana akalia, akasema ni vumbi.

Siku ya tatu ukumbi ulikuwa na hali ya hewa ishirini, kila meza na yake. Mabonde alifungua chake chote, na kwa kuwa wenzake wamefunga, pumzi yao ikaja kwake. Alifunga vifungo vya shati kwa mara ya kwanza, akasema sasa anaanza kuonekana mtu wa familia. Chausiku alifunga chake, akaweka tofali moja miguuni. Kucha zikarudi rangi yake. Siku ya tano alilala bila kukohoa, na wa ghorofa ya kumi wakauliza kwa bomba kama Hodi ameondoka. Siku ya sita alitoa gazeti kifuani akalisoma. Lilikuwa la mwaka juzi. Siku ya saba Mtambo ulinguruma kwa sauti ndogo hata ndege wakatua juu yake, bwawa likapanda shubiri moja, na mama mmoja wa mabeseni akampa Siwema habari kwamba mchanga wa mtoni umelowa. Hakusema zaidi. Watu wa nchi ile huogopa kufurahi mapema.

Asubuhi ya siku ya nane Baraza lilikuja na rula.

Walipanda ngazi meza hadi meza, wakapima kila kifuniko kiko wazi kiasi gani. Cha Mabonde wazi kabisa. Cha Chausiku kimefungwa. Cha yule mzee, robo. Waliandika yote, wakajumlisha, wakagawa. Kisha Bwana Shibu akasimama katikati ya ukumbi, na uso wake ulionyesha kwamba aliamini kila neno.

"Tumewasikiliza nyote," alisema. "Mlitaka kila mtu achague, na mmechagua. Machaguo yenu yakichanganywa ni nusu na vidole viwili. Kuanzia leo hayo ndiyo mapenzi ya kila mmoja wenu, ghorofa zote."

Vifuniko vikaamriwa vipigiliwe misumari hapo, nusu na vidole viwili. Kamba zikaachwa, ili anayependa kuvuta aendelee kuvuta. Na yale maji yaliyookolewa, Baraza lilisema hayawezi kukaa bila kazi. Wakayatumia kupoza ghorofa ya kumi na tatu, iliyokuwa bado haina kuta.

Kwao Siwema husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alijifunza siku hiyo kwamba Wastani wanaujua msemo huo, ila wao hunyoa.

Seremala wa kupigilia alikuwa Mabonde, maana hakukuwa na mwingine. Alianza upande wa mlango akamaliza upande wa dirisha, taratibu, jasho likimtoka. Alipofika juu ya meza ya Chausiku alisimama na nyundo mkononi, akasema anaweza kutumia msumari mfupi. Chausiku akamwambia asijiponze, apige. Alipiga.

Upepo mpana ukipitishwa kwenye ufa huwa kisu. Kabla ya hapo baridi ilimshukia Chausiku kama maji. Sasa ilimshukia kama wembe, shingoni, mahali pamoja. Matofali yalikatazwa, kwa kuwa mtu aliyekwisha kupata mapenzi yake hahitaji tofali. Siku ya tatu kikohozi kilirudi, na kilikuja na damu kidogo, ambayo aliifuta kwa soksi aliyoletewa. Mabonde aliinua meza yake na ya Chausiku ili wabadilishane mahali, walinzi wakazirudisha. Siwema alijaribu kumfunika kwa mwili wake, akisimama chini ya kinywa tangu asubuhi hadi jioni. Walimwambia nusu mtu haruhusiwi kuziba zaidi ya nusu.

Jioni ya tano Chausiku alimwambia aende nyumbani, vifaranga watakuwa wamekua.

"Tutakwenda wote," alisema Siwema.

"Mimi nimo kwenye hesabu."

Basi Siwema akaomba kupanda kwa Koti lenyewe. Kanuni ilikuwapo, ingawa haikuwa imetumika miaka mingi: mwenye ombi la mwisho analitamka mbele ya Koti, Mshika Koti ametia mkono wake ndani ya mkono wa Koti, na Koti likikubali, hujulikana. Kwa namna gani hujulikana, kitabu hakikusema.

Ghorofa ya kumi na mbili ilikuwa chumba kimoja kirefu, sakafu inang'aa, zulia hadi kitini. Koti lilikuwa dogo kuliko alivyodhania. Nondo walikuwa wamekula kola, na bega moja lilikuwa limeshuka, kama la mtu aliyechoka kungoja. Juu yake kinywa kikubwa kuliko vyote kilipuliza. Dirishani jua lilikuwa la saa nane, na chini Siwema aliwaona wanawake wa mabeseni, wadogo kama punje, wakifuta kioo.

Bwana Shibu alitia mkono wake ndani ya mkono wa koti. Ulikuwa unatetemeka, na nguo ikatetemeka nao. Akaona haya, akaushika kwa mkono wa pili mpaka nguo ikatulia.

"Sema, binti."

Siwema hakumtazama yeye. Alilitazama koti, kama ilivyotakiwa. Alisema anaomba dada yake Chausiku, karani wa ghorofa ya tatu, atoke. Si lazima moja kwa moja. Ashuke tu aketi kwenye ngazi za nje, aote jua, na wakitaka wampime tena hapo hapo juani. Na kama hesabu itapinda, yeye Siwema ataketi kwenye kile kiti. Wampime awe mtu mzima badala ya nusu.

Wakangoja. Bwana Shibu alisema kwa sauti ndogo kwamba mara nyingine Koti huchukua muda.

Katika ukimya ule vikohozi vya Jumba zima vilipanda kwa mabomba na kutokea pale juu, kinywani, vikavu, kimoja kimoja. Alikuwa amekwisha kuvijua. Kile cha mzee wa robo. Chafya ya Mabonde. Watu wa ghorofa ya kumi. Kisha vikaja viwili vifupi, kama mtu anayebisha hodi, na Siwema akavuta pumzi akasubiri kile kirefu.

Alisubiri. Koti lilikaa. Akapanda juu ya zulia ambalo mtu haruhusiwi kulikanyaga, akasogeza uso wake kwenye kile kinywa kinachopuliza, mpaka nyusi zikapata unyevu.

"Dada," aliita ndani ya bomba. "Malizia. Niko hapa juu, nakusikia. Malizia, dada."